Mkono Hauchelewi, Faili Ndilo Linalochelewa: Uchambuzi wa Solo Moja Iliyorekodiwa Nyumbani

Mpiga gitaa mmoja wa Tanga amerekodi chumbani kwake solo ya wimbo wa dansi wa miaka ya 1970, enzi ambazo mji huo ulikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Amepiga juu ya wimbo wenyewe, kisha akawatumia wenzake watano kwa WhatsApp na ujumbe mfupi: "Wakuu, habari za jioni. Nimejaribu hii solo, naombeni maoni."

Majibu yamerudi usiku uleule. Mpiga dramu: "Mkuu, mkono unachelewa, unaivuta bendi nyuma. Ila ukifika kwenye chemko unakaa vizuri." (Chemko ni ile sehemu ya wimbo inayochangamka zaidi.) Mpiga solo mwenzake: "Kaka, hauziachi noti zikae, unazikata mno." Fundi wa studio: "Sauti kama imefunikwa blanketi, halafu kuna muungurumo." Mzee wa besi: "Mwanangu, gitaa lako liko chini ya wimbo. Tyuni kwanza." Wa tano si mwanamuziki. Yeye kaandika "kazi safi sana" na kuweka vidole gumba vitatu.

Kisa cha namna hii hujirudia kila mara, na hapa tumekipa vipimo kamili ili hesabu yake iweze kufuatwa. Kwa haraka haraka, mtu angesema kijana ana matatizo manne ya upigaji na arudi kufanya mazoezi. Wasikilizaji wote wanne walisikia kweli walichokisikia. Lakini karibu kila walichokisikia kilitoka kwenye kurekodi, na kasoro moja halisi ya mkono ilikuwa mahali palepale ambapo mpiga dramu aliposifia.

Vifaa vyenyewe ni vya kawaida: gitaa la pikapu tatu (vinasa mlio wa nyuzi) za koili moja moja lenye swichi ya nafasi tano, kebo ya mita 6, saundi kadi ya USB yenye matundu mawili ya kuingizia sauti kwenye kompyuta, laptopu ya Windows, programu ya kurekodi ya Reaper, na hedifoni za waya. Wimbo ulitoka kwenye nakala ya kaseti iliyoingizwa kwenye kompyuta zamani. Faili lina dakika 2 na sekunde 40. Solo inaanza 0:48, chemko linaanza 1:36, na mwendo ni mapigo 132 kwa dakika.

Kuchelewa

Tunaanza na mpiga dramu, kwa sababu tuhuma ya kuchelewa ndiyo inayomuumiza mpiga solo kuliko zote, na ndiyo iliyo rahisi kupima.

Kwenye mwendo wa 132, pigo moja lina milisekunde 455, na robo ya pigo ni milisekunde 114. Noti nyingi za solo hii zinatembea kwa robo za pigo. Basi kuza picha ya wimbi kwenye programu mpaka milisekunde zionekane, chagua noti 12 ambazo lazima ziangukie pamoja na dramu au maraka, halafu pima kila moja iko umbali gani na pigo lake. Katika kisa hiki, noti za kuanzia 0:48 hadi 1:30 zilichelewa kati ya milisekunde 31 na 45, wastani 38. Hiyo ni theluthi ya robo ya pigo, na sikio lolote la mpiga dramu litaikamata.

Sasa tazama wastani pamoja na mtawanyiko wake. Mkono wa binadamu unaochelewa huwa hauchelewi kwa kipimo kimoja: noti hii itakuwa nyuma kwa 50, ile kwa 10, nyingine itawahi kabisa. Hapa noti zote zimejipanga ndani ya 7 kila upande wa 38. Mtu anayeweza kuchelewa kwa usahihi wa namna hiyo kwa sekunde 42 mfululizo ana mkono mzuri sana, na kinachochelewa ni kitu kingine.

Kitu hicho ni safari ya sauti. Wimbo ukitoka kwenye programu kwenda hedifoni unapita kwenye bafa, yaani hifadhi ndogo ya muda ndani ya kompyuta, unachelewa kidogo. Mpiga gitaa anaufuata kama anavyousikia, na gitaa lake analisikia papo hapo kwa sababu saundi kadi inamrudishia sauti bila kupitia kompyuta. Kwake yeye kila kitu kiko sawa. Lakini gitaa hilo likiingia kwenye kompyuta linapita bafa nyingine, na programu ikiwa haikuambiwa ukweli kuhusu safari zote mbili, italiweka gitaa nyuma ya mahali pake. Kwenye kisa hiki saundi kadi ilikuwa ikiendeshwa na draiva (programu ya kuendeshea kifaa) ya jumla ya Windows, na draiva ya mtengenezaji wake haikuwahi kusakinishwa. Programu ilikisia, ikakosea.

Uthibitisho unachukua dakika tano. Toa hedifoni na uzime spika. Chukua kebo, ichomeke kutoka tundu la kutolea sauti la saundi kadi kwenda tundu la kuingizia. Zima kabisa kujisikia moja kwa moja kwenye saundi kadi, na kwenye programu zima kusikiliza kinachorekodiwa, la sivyo sauti itazunguka na kupiga mbinja. Weka kliki moja, yaani mlio mfupi wa kuhesabia mapigo, kwenye mstari wa kwanza, rekodi kwenye mstari wa pili, kisha pima pengo. Hapa pengo lilikuwa sampuli 1,824; sampuli ni vile vipimo vidogo vya sauti ambavyo kompyuta huvihifadhi. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, hizo ni milisekunde 38 kamili. Gitaa halikuwepo kabisa kwenye jaribio hili, na bado sauti "ilichelewa" kwa kiasi kilekile alicholaumiwa mpigaji.

Tiba ni kusakinisha draiva ya mtengenezaji ya aina ya ASIO, ambayo hupitisha sauti kwa haraka zaidi, kuweka bafa ya sampuli 128, na kurudia jaribio. Pengo likibaki, hata la sampuli 40 au 60, Reaper ina sehemu kwenye mipangilio ya kurekodi ya kuandika idadi ya sampuli za kusahihisha. Iandike, rekodi kliki tena, hakikisha imeangukia mahali pake. Ukibadilisha bafa au kiwango cha sampuli, pima upya. Hedifoni za Bluetooth hazifai kwa kazi hii: ucheleweshaji wake mara nyingi unapita milisekunde 100 na hauna uthabiti, kwa hiyo hakuna namba moja ya kuandika.

Kuna wanaolisogeza gitaa kwa kipanya mpaka lisikike vizuri. Hatushauri. Sikio litachagua kifungu kimoja na kukifurahisha, na kifungu hicho kikiwa ndicho chenye kosa la mkono, utakuwa umelisahihisha kosa kwa kuharibu pote palipokuwa sawa. Kumbuka pia kwamba kuchelewa kunakoongezeka kadiri wimbo unavyokwenda, sawa mwanzoni na vibaya mwishoni, ni ugonjwa mwingine: hapo kuna vifaa viwili vinavyohesabu muda kila kimoja kivyake, mara nyingi simu iliyochukua video na saundi kadi iliyochukua sauti.

Jambo moja ambalo wote watano hawakulitaja: mpiga solo wa asili bado yumo ndani ya wimbo. Rekodi nyingi za dansi za enzi hizo zilichukuliwa kwenye tepu bendi nzima ikipiga pamoja, na sauti yote imekaa katikati. Kwa hiyo msikilizaji alikuwa anasikia solo mbili zenye noti zilezile zikifuatana kwa milisekunde 38, kama mtu anayegonga mlango kwa vidole viwili visivyofika pamoja. Ndiyo maana kuchelewa kulisikika kwa ukali vile. Suluhisho la haraka ni kuupeleka wimbo kwenye sikio la kushoto kwa asilimia 30 na gitaa kwenye sikio la kulia kwa asilimia 30. Ziko pia programu za bure za kutenganisha vyombo, kama Demucs, ingawa kwenye rekodi ya kaseti huacha mabaki ya sauti yenye maji maji. Bora zaidi, kama una muda, ni kujirekodia rizimu na besi mwenyewe, hata ya mizunguko minane tu.

Kitufe kimoja, malalamiko matatu

Blanketi, muungurumo na noti zinazokatika yalikuja kutoka kwa watu wawili tofauti kama mambo matatu tofauti. Ni jambo moja.

Pikapu ya koili moja ni waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara, na inahitaji kuingia mahali pasipoinyonya. Tundu la gitaa kwenye saundi kadi lina ukinzani wa karibu mega-ohmu 1. Tundu lilelile, kabla hujabonyeza kitufe kilichoandikwa "INST" au "Hi-Z", linapokea kama laini ya kawaida, na ukinzani unaweza kushuka hadi kilo-ohmu 10 au makumi machache. Kwa pikapu ya kawaida ya aina hiyo ikikutana na kilo-ohmu 10, sauti za juu zinaanza kuporomoka karibu na Hz 1,000. Mng'ao wa solo ya dansi, ule mlio wa kengele unaoifanya ipenye katikati ya rizimu na matarumbeta, unakaa kati ya Hz 2,000 na 5,000. Umeondoka kabla hata haujafika kwenye kompyuta, na hakuna ikwalaiza itakayourudisha kama ulivyokuwa. Hilo ndilo blanketi.

Gitaa lililonyonywa hivyo linaingia pia likiwa dhaifu. Mpigaji akaona mita iko chini, akapandisha geini, yaani kitufe cha kukuza sauti inayoingia, hadi robo tatu. Kisha akaongeza sauti za juu kwenye ikwalaiza ili kulipasua lile blanketi. Vyote viwili vikapandisha muungurumo wa Hz 50 wa umeme wetu pamoja na ndugu zake wa 100 na 150, na mchakacho wa juu yake. Hilo ndilo la pili.

La tatu: ili kuuficha muungurumo akaweka geti ya kelele, yaani kifaa cha kwenye programu kinachonyamazisha sauti ikishuka chini ya kiwango fulani, akaifunga kwenye -45 dB na muda wa kuachia wa milisekunde 30. Geti haijui tofauti ya kelele na mkia wa noti. Kila noti iliposhuka chini ya -45, mlango ukafungwa. Mpiga solo mwenzake akasikia noti zinakatwa na akadhani ni kidole kinachoinuliwa mapema. Kwa mtu anayesikiliza faili pekee, hakuna njia ya kutofautisha.

Kwa hiyo kazi inafanywa kuanzia mwanzo wa mnyororo. Shusha geini hadi sifuri, bonyeza kitufe cha gitaa, fungua voliumu na toni za gitaa mpaka mwisho. Piga kifungu chenye nguvu kuliko vyote, yaani cha chemko na siyo cha mwanzo, huku ukipandisha geini taratibu mpaka kilele kiguse kati ya -12 na -9 dB. Usikaribie 0: kwa kurekodi kwa biti 24 hakuna faida yoyote ya kubana nafasi ya juu, na noti moja iliyopasuka kwenye chemko inaharibu rekodi nzima. Katika kisa hiki geini iliishia chini ya robo ya mzunguko.

Muungurumo uliobaki uwindwe kwa kurekodi ukimya. Sekunde 10 kwa kila hali, voliumu ya gitaa ikiwa wazi na mkono ukiwa juu ya nyuzi:

Kwanza kama ulivyo. Pili, chomoa chaja ya laptopu utumie betri, kwa sababu chaja nyingi zisizo na waya wa ethi huingiza kelele ya kukwaruza kupitia USB. Tatu, geuka na kiti nyuzi 90, kisha usogee mita moja na nusu kutoka kwenye laptopu, chaja, feni na taa za LED; koili moja hupokea sumaku ya vitu hivyo kwa kutegemea imeelekea wapi. Nne, sogeza swichi kwenye nafasi ya 2 au ya 4. Magitaa mengi ya aina hii yana pikapu ya kati iliyozungushwa kinyume, hivyo pikapu mbili zikifanya kazi pamoja muungurumo hujifuta. Sauti itabadilika kidogo, itakuwa na uwazi wa ndani zaidi, na kwa dansi mara nyingi hilo halina hasara.

Kama nyumba inatumia inveta ya sola au ya betri, sikiliza kelele yenye meno, kama nyuki. Inveta za bei ndogo hazitoi wimbi laini, na pikapu huyasikia yale meno. Rekodi ukiwa kwenye betri ya laptopu inveta ikiwa imezimwa. Kelele ikipungua ukigusa nyuzi, gitaa lina ethi nzuri na ni mwili wako uliokuwa unafanya kazi ya antena. Ikiongezeka ukigusa, fungua gitaa ukague waya unaokwenda kwenye daraja. Kuvunja pini ya ethi ya plagi ili kuua muungurumo ni hatari ya kufa, na wapo waliokwisha kuizoea, usiwaige.

Baada ya hapo, kelele ya ukimya kwenye kisa hiki ilishuka kutoka -46 hadi -65 dB. Geti ikaondolewa. Mahali pa kimya kirefu kabla ya 0:48, sauti ya gitaa ilikatwa kwa mkono na kuwekewa mteremko wa milisekunde 20, basi. Kama ni lazima geti ibaki, ifunge kwenye -60 au chini zaidi na muda wa kuachia usipungue milisekunde 250.

Kuhusu amplifaya ya ndani ya programu: chagua amplifaya safi pamoja na kabineti yake, maana gitaa lisilopita kwenye kabineti linachoma masikio. Weka riverbu ya springi kidogo. Dilei iache kabisa wakati unaomba maoni kuhusu mwendo. Mwangwi wa milisekunde 110 au 120 ni mtamu, lakini kwenye 132 unaangukia karibu na robo ya pigo na utamfanya msikilizaji ahesabu noti ambazo hukupiga.

Kutyuni

Mzee wa besi alisikia kweli. Gitaa lilikuwa chini ya wimbo. Ila lilikuwa limetyuniwa vizuri kabisa kwa A ya Hz 440, na wimbo ndio ulikuwa juu, kwa takribani senti 30, ambapo nusu toni moja ni senti 100. Nyimbo hizi zilitoka kwenye tepu kwenda redioni au kwenye santuri, kutoka hapo kwenda kaseti, na kutoka kaseti kwenda kompyuta, na kila mashine njiani ilizungusha kwa kasi yake. Ni ajabu zaidi kuukuta wimbo ukiwa umesimama sawasawa kwenye 440 kuliko kuukuta umehama.

Kuupima, tafuta mahali ambapo besi au mwimbaji anashikilia noti moja kwa sekunde moja au zaidi, kirudierudie kipande hicho, soma tyuna. Kama tyuna inababaika kwa sababu vyombo ni vingi, piga A kwenye gitaa na usikilize mtetemo kati ya sauti mbili: kwa senti 30 kuzunguka Hz 440, sauti itatikisika karibu mara nane kwa sekunde.

Kuna njia mbili. Ya kwanza, weka tyuna isome A kama Hz 448 na utyuni gitaa kwa wimbo. Ni ya haraka, na inafaa kama hutaki kugusa rekodi. Ya pili, ambayo tunaipendelea, ni kuupunguza wimbo kasi kwa asilimia 1.7, yaani kuucheza kwa 0.983, huku ukizima kile kipengele cha kuhifadhi toni. Toni na mwendo vitashuka pamoja, kama kaseti inavyofanya. Mwendo utatoka 132 hadi karibu 130. Kurekebisha toni peke yake na kuuacha mwendo kunawezekana pia, ila programu italazimika kuikata sauti vipande vidogo vidogo na kuiunga, na kwenye matoazi na maraka utasikia mchanga. Pima mwanzo wa wimbo na mwisho wake. Kaseti iliyochoka inaweza kuanza na senti 30 na kumaliza na 36, na hapo chagua kipimo cha mahali solo ilipo.

Baada ya kusawazisha wimbo, bado kulikuwa na kitu kidogo: uzi wa tatu ukibanwa kwenye freti ya 12 ulisoma senti 8 juu. Badilisha nyuzi kwanza. Pwani unyevu na chumvi huzila haraka, na uzi ulioliwa haukubaliani na hesabu ya freti. Kama bado uko juu, rudisha tandiko la uzi huo, yaani kile kipande cha daraja unachokalia, nyuma, mbali na shingo. Kwa gitaa la urefu wa uzi wa milimita 648, senti 8 ni kama milimita 3. Tyuni uzi upya baada ya kila mzunguko wa bisibisi kabla ya kusoma tena.

Kilichobaki mkononi

Sasa rudi kwenye vile vipimo vya mwanzo. Kuanzia 0:48 hadi 1:30 noti zilichelewa kwa wastani wa 38. Kuanzia 1:36 hadi 1:43, chemko linapoanza, zilichelewa kwa 14 tu. Ndiyo maana mpiga dramu alisema "ukifika kwenye chemko unakaa vizuri". Ukiondoa 38 za mashine kila mahali, sehemu ya kwanza inakaa juu ya pigo, na chemko linawahi kwa milisekunde 24. Kosa la mashine lilikuwa linaufunika mkono unaokimbia. Alisifiwa pale pekee alipokosea.

Chanzo kinaonekana ukisikiliza gitaa peke yake. Kabla ya chemko mkono uko kwenye freti ya 5. Kifungu cha chemko kinaanza na noti mbili za pamoja, G na B, kwenye freti ya 12 ya uzi wa tatu na wa pili. Mkono unaogopa kuchelewa safari ya freti saba, unaiacha noti ya mwisho kabla haijatimia, unafika mapema, na ukishafika hausubiri. Kwa hiyo mpiga solo mwenzake naye hakukosea kabisa aliposema noti zinakatwa. Geti ilikata nyingi, na moja ilikatwa na kidole: ile ya mwisho kabla ya kuruka.

Kabla ya mazoezi, hakikisha ni safari na siyo msisimko wa chemko. G na B zilezile zipo kwenye freti ya 8 ya uzi wa pili na freti ya 7 ya uzi wa kwanza, umbali mdogo kutoka ulipo mkono. Piga kifungu hapo, rekodi mara nne, pima. Kama sasa kinaangukia kwenye pigo, tatizo ni safari. Kama bado kinawahi, sikio ndilo linalokimbia, na dawa yake ni kupiga na rizimu peke yake huku ukihesabu kwa mdomo. Hapa kiliangukia kwenye pigo. Mtu anaweza kuishia hapo na kupiga kwenye freti ya 8 moja kwa moja, lakini nyuzi za tatu na pili zikibanwa juu zina unene ambao uzi wa kwanza hauna, na kwenye chemko unene huo una kazi yake. Ni heri kuirekebisha safari.

Zoezi ni fupi. Chukua noti nne za mwisho kabla ya kuruka na noti mbili za kwanza baada yake, hakuna zaidi. Weka kliki kwenye mapigo 96, isikike kwenye pigo la 2 na la 4 tu. Macho yaende kwenye freti ya 12 wakati kidole kingali kinashikilia noti ya mwisho. Kidole kiondoke noti ikiwa imetimiza urefu wake, siyo kabla. Rekodi mara nne mfululizo, pima. Zote zikiwa ndani ya milisekunde 10, panda mapigo 4. Zisipokuwa, baki hapo hapo.

Kutuma mara ya pili

Faili la kwanza lilitumwa kama video, likabanwa tena njiani, na angalau watatu walilisikiliza kwa spika ya simu, ambayo besi haitoki kabisa. Mtu hawezi kupima kama solo imekaa juu ya besi asiyoisikia. Safari ya pili alituma kama dokumenti, ili WhatsApp isiliguse, na akakata kipande cha sekunde 70 kuanzia 0:48. MP3 ya kbps 320 ya urefu huo haifiki MB 3, hivyo haili bando la mtu. Gitaa peke yake, bila amplifaya wala riverbu, katika WAV ya biti 24 ya mkondo mmoja, ni MB 10, na hilo alimtumia fundi na mpiga solo tu, ambao wana sababu ya kulifungua. Ujumbe ulikuwa huu:

"Shikamoo mzee, habari zenu wakuu. Hii ni solo ileile, nimeirekodi upya. Wimbo nimeushusha uwe 440. Ucheleweshaji wa mashine nimeupima na kuuondoa. Gitaa liko kulia, wimbo kushoto, kwa hiyo naomba msikilize kwa hedifoni za waya. Nina maswali mawili: kuanzia sekunde ya 48 ya kipande hiki, ninawahi au nipo juu ya pigo? Na noti ya mwisho kabla ya hapo, inakaa vya kutosha? Sauti ya gitaa nitaiuliza siku nyingine."

Sekunde ya 48 ya kipande ni karibu 1:36 ya wimbo, kwa sababu kipande kimeanzia 0:48. Andika muda wa faili ulilotuma, siyo wa wimbo, la sivyo watu watano watasikiliza sehemu tano. Maswali mawili yanatosha. Ukiuliza matano utajibiwa la kwanza.

Mpiga dramu alijibu kwa namba: "Sekunde ya 48 mpaka 51 unawahi kidogo, baada ya hapo umetulia." Vipimo vilisema hivyohivyo, kwa sababu wakati huo zoezi lilikuwa bado kwenye mapigo 112 na mruko uliokuwa umerekodiwa ulikuwa mbele ya pigo kwa milisekunde 15. Mzee wa besi alijibu kwa sauti, akaimba kile kifungu kwa mdomo na kuivuta noti ya mwisho mpaka karibu iiguse noti inayofuata. Urefu aliouimba, ukiuweka kwenye programu na kuupima, ni robo ya pigo kamili na ziada ya milisekunde chache. Ya kijana inaishia kwenye theluthi mbili za urefu huo.